Mshale Ukitulia

Mwezi jana tulimzika Mama Risper kwao Ahero, na kama ilivyo kawaida ya mazishi ya siku hizi, mchanga ulipokwisha kufunika jeneza watu waligawanyika. Wengine walikwenda kwenye chakula, wengine kutazama magari ya wenzao. Mimi sina aibu, nilikwenda kwenye chakula. Nilikaa chini ya turubai na sahani ya wali wa huko huko Ahero, ule unaonukia ukiwa bado sufuriani, nikijilazimisha kula kwa sababu marehemu hakupenda mtu abakishe chakula. Kaburini alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Atieno, binti yake, amesimama na leso yake begani kama aliyesahau kilichomweka pale. Ndipo akanijia Brian, mtoto wa Atieno, kijana mwenye haraka, akitaka waondoke kurudi Nairobi mapema. Alikuwa amesikia kwamba huyu mama wa hijabu ni fundi wa magari mwenye gereji yake Mamboleo, kule Kisumu. Gari lake lilikuwa linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, na taa ya injini ilikuwa imewaka njia nzima. Alikuwa na kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani kikatuma habari za injini kwenye simu. Alinisogezea simu nimtazamie sensa ya oksijeni. Gari lilikuwa linanguruma hatua chache kutoka hapo, injini imeshapata moto, na mstari wa sensa kwenye kioo cha simu ulikuwa umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo.

"Cheki, auntie," akaniambia. "Imetulia kabisa. Si hiyo inamaanisha iko fiti?"

Niliweka sahani chini. Neno hilo nimelikwepa karibu maisha yangu yote. Wanangu wakiwa wachanga, jirani akisema mtoto ametulia, nilikuwa naacha ninachofanya nikamguse kwanza. Mteja akiniambia injini sasa imetulia, namjibu tutaona. Watu husema nina kisirani, na labda wana haki yao, lakini hawajui nilipolipata neno hilo wala aliyenifundisha maana yake. Nililipata Nyamasaria, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na aliyenifundisha alikuwa Ouma, mtoto wa kiume wa mama tuliyekuwa tumetoka kumzika. Nilimwambia Brian anisubiri kidogo. Akasimama pembeni yangu na simu yake mkononi, nami nikiwa nimekaa pale pale nikarudi nyuma.

Gereji ya Mzee Juma ilikuwa kando ya barabara ya Nairobi, siku hizo Nyamasaria ikiwa na mashamba mengi kuliko maghorofa. Ilikuwa ua wa matope meusi uliozungushiwa mabati, na mwishoni mwa ua palikuwa na kontena kuukuu lililokatwa dirisha kwa gesi. Humo ndani ndimo tulimofanyia kazi za umeme wa magari, mimi na Ouma. Tulikuwa tumetupwa humo wote wawili kama vyombo visivyojulikana pa kuwekwa. Mimi nilitupwa kwa sababu mafundi wale hawakuamini kwamba mwanamke atabeba gia boksi, na Ouma kwa sababu kweli hakuruhusiwa kuibeba. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao nyumba nyingi za kando ya ziwa zinaujua kwa majina ya watoto waliowazika. Damu yake haikuchukua hewa ipasavyo, na akichoka sana, au akipigwa na baridi, maumivu yalimshika mifupani hadi akalia kama mtoto. Kwa hiyo katika joto la Kisumu, joto la kukausha dagaa wa omena, Ouma alivaa sweta. Walimcheka, naye aliwacheka. Kontena lilikuwa na meza moja, viti viwili vya gari lililokwisha kuchinjwa, na harufu ya solda na waya ulioungua. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo moyo wangu hugeuka kwanza, ndipo nakumbuka kwa nini.

Sijawahi kumwona mtu asiyetulia kama yule. Akikaa, mguu wake wa kulia ulicheza. Akifikiri, alipiga spana kwenye ukuta wa kontena mpaka Mzee Juma aulize kama kuna harusi. Alizungumza na injini, alizungumza na redio, alizungumza na mimi hata nikiwa nimeshika taa ya mkononi mdomoni siwezi kumjibu. Nilimpenda. Sitazunguka mbuyu, umri huu mtu anaficha nini tena? Nilimpenda na alijua, naye alinipenda na akanitania kila siku ili nisisahau. Mambo ya dini yangu na dini yao, ya kwetu wangesema nini na kwao wangesema nini, tulikuwa tumeyaweka juu ya kabati kwa siku ya mbele. Hiyo siku ya mbele tuliiamini kuliko ilivyostahili.

Upande wa pili wa mabati, ukuta kwa ukuta na kontena letu, palikuwa na hoteli ya Mama Risper. Alikuwa na benchi mbili, jiko la kuni na sufuria kubwa nyeusi. Mafundi wote tulikula kwake. Aliwapikia mafundi omena na mboga ya osuga na ugali wa mtama, lakini Ouma alipata sahani yake peke yake, yenye maini au samaki, na supu ya moto hata adhuhuri. Nami, bila mtu kutangaza, nilianza kupata sahani kama ya Ouma. Mabati yale yalikuwa membamba, na mama yule hakujua kunong'ona. Siku moja nilikuwa peke yangu kontenani, nimelala chali chini ya meza nikifuata waya, nikamsikia akichambua omena na dada yake. Walikuwa wakiongea Kijaluo, ambacho mtoto yeyote wa Kisumu anakijua, awe wa msikiti au wa kanisa. Dada yake alikuwa akilalamika kwamba kijana ana kelele mno, hapumziki, atajimaliza. Mama Risper akamjibu kwamba kelele si kitu. Akasema mtoto wake akipiga kelele yeye hupika kwa amani, anajua yuko. Anapoogopa ni akinyamaza. Dada akauliza kuhusu yule msichana Mwislamu wa kontenani. Omena ziliendelea kudondoka kwenye ungo. "Mwache," Mama Risper akasema. "Anamfanya aongee."

Nilikaa chini ya ile meza mpaka mgongo ukauma. Nimewahi kusifiwa maishani, na watu wenye vyeo, lakini sijasifiwa tena namna ile.

Sasa nifike kwenye ile stesheni wagoni. Ilikuwa nyeupe, ya Bwana Hamisi, mfanyabiashara aliyebeba mchele kutoka Ahero kuleta soko la Kibuye. Ilikuwa imeanza kula petroli, mlango wa eksosi ulikuwa mweusi wa masizi, na ukisimama nyuma yake ulisikia petroli mbichi. Taa ya injini ilikuwa imewaka, na fundi mmoja wa mjini alikuwa ameibandika utepe mweusi ili isimsumbue Bwana Hamisi macho. Walishabadilisha plagi, walishabadilisha chujio la hewa, na Bwana Hamisi alikuwa ameanza kusema gari limerogwa. Ouma aliuzunguka mkia wa gari, akainama, akanusa, akaniambia tuanze na pua. Pua ndilo jina tulilokuwa tumeipa sensa ya oksijeni, kwa sababu kazi yake ni kukaa kwenye bomba la moshi na kunusa. Ikikuta hewa imebaki nyingi inaiambia kompyuta ya gari iongeze petroli, ikikuta hewa imekwisha inasema punguza. Pua ikiziba, kompyuta inamwaga petroli kama kipofu anayemimina chai.

Tuliacha injini ingurume mpaka ipate moto sawasawa, kwa sababu sensa haisemi ikiwa baridi. "Kama mimi," Ouma alipenda kusema, akivuta sweta lake. Kwanza alinituma nitazame kama bomba limetoboka mbele ya sensa, kwa kuwa tundu dogo huingiza hewa ya nje na sensa ikaonekana mwongo kumbe inasema kweli. Bomba lilikuwa zima. Nikapima umeme wa kupashia joto ile sensa, nao ulikuwepo. Kisha akachomeka pini nyembamba nyuma ya soketi, kwenye waya unaobeba ishara, akaunga mita yetu ya mshale. Hatukutaka mita ya namba kwa kazi hiyo, maana namba huchelewa na mshale hufuata. Akanipa mita niitazame yeye akiwa kwenye pedali. Mshale ulipanda hadi katikati, ukasimama wima. Akakanyaga mafuta, ukabaki hapo. Akaachia, ukabaki. Mimi, nikiwa na cheti changu kipya na furaha yangu yote, nikapaza sauti kwamba sensa ni nzuri, imetulia.

Alitoka ndani ya gari akicheka mpaka akashika kiuno. Lakini alipofika kwangu alikuwa ameacha kucheka, akanisimamia begani tukautazama mshale pamoja. Alichomoa bomba jembamba la hewa kwenye injini ili iingie hewa nyingi. Mshale ungepaswa kuanguka. Haukuanguka.

"Zai," akaniambia, "yenye iko hai haitulii. Inapanda, inashuka, inapanda, kila saa inatafuta. Ikitulia imekufa."

Tulipuliza mafuta ya kulainisha nyuzi, tukasubiri, tukaifungua na ile spana yetu ya ishirini na mbili tuliyoikata ubavu ili ipitishe waya. Ncha ya sensa haikuwa nyeusi tu, ilikuwa na utando mweupe kama chumvi. Ouma aliusugua kwa kucha akaenda moja kwa moja kufunua boneti, akanionyesha gundi nyekundu ya silikoni iliyofinyangwa pande zote za kifuniko cha injini. Fundi wa mjini alikuwa ameipaka kwa ukarimu kuzuia oili isivuje. Mvuke wa gundi ile huingia kwenye moshi na kuua pua. Tungefunga mpya bila kuitoa ile gundi, mpya nayo ingekufa, na Bwana Hamisi angekwenda kwa mganga. Tulikwangua gundi yote, tukaweka gasketi halisi, tukapaka nyuzi za sensa mpya grisi kidogo bila kugusa ncha. Injini ilipopata moto mshale ulianza kucheza. Ulipanda na kushuka, kwa haraka, kama mguu wa Ouma chini ya meza.

Alifurahi hata akamwita mama yake aje aone. Mama Risper alikuja na mwiko mkononi, akainama juu ya mita kwa heshima, akatazama muda mrefu.

"Sasa hii ndio imepona?" akauliza. "Na vile inatetemeka kama mtu ya malaria?"

"Hiyo ndio kupona, Mama."

Akamtazama kijana wake toka kichwani hadi kwenye ule mguu usiotulia. "Basi ni kama wewe," akasema, akarudi jikoni. Siku hiyo tulikula samaki wa ngege kwa mchuzi mzito, naye Bwana Hamisi akala nasi akisahau habari za kurogwa. Nikiulizwa siku moja ya mwaka ule niirudie, ningechagua hiyo. Si kwa ajili ya lolote kubwa. Tulikuwa wote tumeshiba, na kila kitu kilichopaswa kutikisika kilikuwa kinatikisika.

Mvua za masika mwaka ule zilikuja na hasira. Mama Risper alikuwa na mazoea ya kwenda Ahero na Bwana Hamisi kuchukua mchele wa hoteli, na asubuhi moja alikwenda ingawa mawingu yalikuwa yamekalia milima ya Nandi. Kabla ya mchana Bwana Hamisi alimpigia Mzee Juma simu. Maji yalikuwa yamevuka barabara, wagoni imezimika katikati. Tulichukua pikapu ya gereji, mimi na Ouma. Mzee Juma alimwambia Ouma abaki, nami nikamwambia abaki, na ungedhani tunaongea na ukuta. Tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya lami, baridi ya huko milimani, wagoni imesimama ndani yake, Bwana Hamisi kwenye usukani na Mama Risper amekaa nyuma juu ya magunia, miguu ameikunja. Kina kilikuwa cha magoti. Hakuna aliyekuwa karibu kufa, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe. Nilivua viatu nikasema naenda mimi. Ouma alikuwa ameshaingia.

Mama yake alipomwona alisimama juu ya magunia akamfokea kwa Kijaluo arudi. Alisema hatoki ndani ya gari lile mpaka mwanawe arudi nchi kavu. Ouma naye alisema harudi nchi kavu mpaka mama ashuke. Nilifika nikasimama kati yao, nikimsihi huyu na kumsihi yule. Mama aliamini kwamba akikataa kushuka mwanawe atarudi, na mwana aliamini kwamba akikataa kurudi mama atashuka. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake, na maji yalikuwa yakipita kati ya miguu ya Ouma muda wote huo. Mwishowe alishuka yeye mama, akilia kwa hasira, tukamshika mkono huku na huku. Ouma alikuwa akitabasamu, midomo imemgeuka rangi. Njiani kurudi nilimvika hijabu yangu shingoni akanitania kwamba hatimaye amesilimu.

Kesho yake tuliivuta wagoni hadi gereji. Baada ya kukaushwa ilikubali kuwaka, lakini taa ya injini iliwaka nayo, na mshale ulikuwa umesimama tena. Niliifungua ile sensa ambayo hata haijazeeka. Ouma alikuwa amekaa kwenye kiti chake kontenani, amevaa sweta mbili, na hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Nilimpa sensa. Aliitikisa karibu na sikio lake, nikasikia kitu ndani kikigonga, kama punje ndani ya kibuyu. "Imepasuka ndani," akasema taratibu. "Ilikuwa imepata moto, halafu ikaguswa na baridi ghafla." Akaiweka mezani. Akakaa. Nilitazama chini ya meza, na mguu wake ulikuwa umewekwa sakafuni, hauchezi. Upande wa pili wa mabati mwiko wa Mama Risper ulikuwa umenyamaza pia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mzee Juma hupenda kusema, na jioni ile tulimpeleka Ouma hospitali kwa gari la mzee mwenyewe.

Kifua kilikuwa kimeshikwa. Walimweka kwenye hewa ya mtungi, na kidoleni wakambana kile kidude kinachosoma hewa kwenye damu. Siku za kwanza alihangaika sana, aligeuka, alilia, aligombana na mto, na kati ya maumivu alitania manesi. Nilipokwenda kumwona aliniinulia kile kidole. "Leo mimi ndio nimefungwa pua," akaniambia. "Angalia, Zai. Inacheza?" Namba zilikuwa zinapanda na kushuka. Nikamwambia inacheza. "Basi niko," akasema. Mama Risper alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, hajabadilisha nguo, na nilikuwa sijamwona akitia kitu mdomoni tangu tulipofika. Nilimletea uji akampa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilimletea chai ikapoa. Alikuwa akiutazama mguu wa mwanawe chini ya blanketi, kama mimi.

Kisha ikaja asubuhi niliyokuwa nimebeba wali na samaki mzima wa kukaanga kwenye bakuli la mfuniko. Nilimkuta Mama Risper nje ya wodi, kwenye benchi la koridoni. Uso wake ulikuwa umelainika. Alinishika mkono, mkono wake ukiwa wa moto.

"Ametulia, nyara," akaniambia. Mwanangu wa kike, ndivyo alivyoniita, kwa mara ya kwanza. "Nesi anasema ametulia. Ingia umwone. Hiyo chakula wacha kwa mimi, nikule. Leo nasikia njaa."

Nilimpa bakuli. Aliliweka mapajani, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaanza kumchambua yule samaki. Nikaingia.

Alikuwa amelala chali. Blanketi lilikuwa limenyooka. Pumzi yake ilikuwa fupi, ya juu juu, na macho yake yalikuwa yamefunguka kidogo tu. Nesi aliyekuwa akipita alinitazama, akavuta pazia, akaondoka. Sikuhitaji kusoma namba. Nilikaa mguuni pake nikaingiza mkono chini ya blanketi nikaushika ule mguu wa kulia, nao ulikuwa mzito na mtulivu kama mguu wa mtu mwingine. Wazo langu la kwanza lilikuwa kutoka kumwita mama yake. Nilinyanyuka kabisa. Lakini kupitia mlango ulio wazi nilisikia mfuniko wa bakuli ukigonga benchi, nikaona bega lake likienda na kurudi, akila, mwanamke ambaye hakuwa amekula siku zote zile. Nikajiambia, mwache amalize. Mwache awe na mlo mmoja wa furaha, maana baada ya huu sijui atakula lini tena. Nikakaa. Nilimweleza Ouma habari za gereji. Nilimwambia imekuja basi lenye waya zilizotafunwa na panya, nikamwambia kiti chake hakuna aliyekikalia. Nilimwambia na mengine, ambayo hayakuwa ya gereji. Alibana kidole changu, mara moja, kwa nguvu kidogo sana. Tulikaa hivyo muda mrefu. Mama Risper alipoingia, mikono yake ikinukia sabuni, mimi ndiye niliyekuwa nimemfumba Ouma macho.

Mazishini Ahero nilikuwa mgeni kama wageni wengine. Hakukuwa na mke wa kukaa kando ya jeneza, na mimi si mtu aliyekuwa na jina katika mambo yao. Nilisimama nyuma na mafundi. Baadaye nilirudi kontenani, nikaendelea na kazi peke yangu, miaka ikapita, nikaolewa na mtu mwema, nikazaa, nikafungua gereji yangu. Mama Risper alifunga hoteli akarudi Ahero, nami kila mara nikipita huko nilimpitia. Hatukuizungumzia asubuhi ile. Nilikuwa nimeihifadhi kama zawadi niliyompa bila yeye kujua, ule mlo wake mmoja, na katika siku zangu mbaya nilijifariji kwamba angalau hilo nilimfanyia.

Miezi michache kabla hajafa nilimkuta kitandani, hawezi tena kujilisha. Atieno alikuwa amepika ngege. Nilikaa kando yake nikimchambulia mifupa na kumtilia mdomoni kidogo kidogo. Alikula vipande viwili vitatu, akageuza uso.

"Ile siku ya hospitali," akasema, "wewe ulifikiria nakula juu ya njaa?"

Nilikirudisha kipande nilichoshika sahanini.

"Nilijua akishatulia anaenda. Mimi ndio nilimzaa, sitajua? Hiyo samaki ilikuwa kama matope kwa mdomo yangu. Nilikula mfupa kwa mfupa, pole pole, ndio usitoke." Alipumzika kupata pumzi. "Mimi nilikuwa na yeye miaka yote, nyara. Wewe ulikuwa na mwaka moja tu. Na huko kaburini sikuwa na mahali ya kukuweka."

Niliendelea kumchambua yule samaki hata baada ya mifupa kwisha, kwa sababu sikuweza kuinua uso.

Brian alikuwa bado amesimama kando yangu chini ya turubai. Nilimwambia sensa yake imekufa. Nikamwambia iliyo hai hupanda na kushuka, na kwamba akirudi tena huku aje Mamboleo, kwanza tutafute kilichoiua. Alisikitika kidogo, kisha akatazama saa, akatazama upande wa kaburi ambako mama yake alikuwa bado amesimama peke yake na leso begani.

"Basi acha nimwite mathe twende," akasema. "Ama umwite wewe, auntie. Wewe atakusikiza."

"Nitamwita," nikamwambia. "Nikimaliza kula."

Nikaichukua tena sahani yangu. Wali ulikuwa umepoa na haukuwa na ladha yoyote. Niliula wote, punje kwa punje, polepole.